Nyasi Zilizomngoja Kifungua Mimba

Baba alipozikwa, nyasi za mama zilikufa naye, ila hazikufa siku moja. Kwanza ziligeuka manjano chini ya mahema, kisha zikawa rangi ya chai ya maziwa, kisha zikakatika zenyewe kama nywele za mgonjwa. Boma letu liko juu kidogo ya Mamboleo, mahali barabara inapoanza kupanda kuelekea vilimani, na mbele ya nyumba ya mama palikuwa na uwanja wa ukoka ambao wapita njia walipunguza mwendo kuutazama. Baada ya mazishi uwanja ule ulibaki kama ramani. Ungeweza kuusoma. Mstatili mrefu wa kahawia ulionyesha yalipokaa mahema, kwa sababu wenye kukodisha walichelewa kuja kuyachukua. Miviringo myeusi ilikuwa ya mafiga. Mistari miwili ilikuwa ya magurudumu ya lori lililoleta viti, na kiraka kilicholiwa mpaka udongo kilikuwa cha ng'ombe aliyefungwa pale kwa muda mfupi tu, maana hakuletwa bomani kuishi.

Mama alikuwa akiitazama ramani hiyo kila asubuhi kutoka dirishani. Zamani akina mama wa kanisa lake wakija, waliketi nje, kila mmoja amenyoosha miguu kwenye nyasi. Sasa aliwapokea sebuleni, mapazia yamefungwa.

"Nikitoka hapo nje nazika tena," aliniambia.

Mimi ni mtoto wake wa pili. Nafundisha kilimo katika shule ya sekondari mjini Kisumu, nakaa mtaa wa Migosi kwenye nyumba ya kupanga, na nina ugonjwa wa walimu wengi: nikiona kitu kimeharibika, siwezi kutulia mpaka nimeeleza kinavyotengenezwa, hata kama hakuna aliyeuliza. Nilimwahidi mama kwamba nyasi zake zitarudi kabla mvua za masika hazijakatika. Akaitikia kwa kichwa, kisha akauliza kama nimezungumza na kaka yangu.

Aliuliza hivyo kila nilipokwenda. Kaka, kifungua mimba wake, aliondoka siku ya mazishi kabla mahema hayajashushwa, na tangu siku hiyo hakuwa amekanyaga nyumbani. Lazima nieleze kwa nini. Kwetu Wajaluo, mwana wa kiume akikua hujenga nyumba yake ndani ya boma la baba, upande wa lango, kwa kuwa haimpasi mtu mzima kulala chini ya paa moja na mama yake. Kaka hakuwa amejenga. Kazi ilimpeleka Nairobi angali kijana, akaoa huko, na kila mwaka alisema mwaka ujao. Kwa hiyo wakati wa matanga alilala ndani ya gari lake. Asubuhi moja baba mdogo, ndugu wa mwisho wa baba, alimkuta akipiga mswaki kando ya gari, akasema mbele ya watu wote, "Mgeni wa mazishi ameamka. Mpeni chai kabla hajapotea njia."

Watu walicheka, kama wanavyocheka watu waliokesha wakilia. Kaka hakucheka. Alisuuza mdomo, akavaa koti, akamzika baba, akaenda zake.

Basi mama alitaka vitu viwili virudi, nyasi na mwanawe. Mimi nilishika kile nilichojua namna ya kukirudisha.

Kama nawe una nyasi zilizokauka viraka viraka, nakusihi usikimbilie mpira wa maji. Chukua bisibisi ndefu kwanza, uisukume ardhini kwa kiganja. Ikizama hadi mpini, udongo wako unapumua, na shida iko kwingine. Pale mahema yalipokaa, bisibisi yangu ilisimama kana kwamba imegonga saruji. Miguu ya waombolezaji ilikuwa imeshindilia udongo kiasi kwamba hata mvua ingeteleza juu yake na kushuka barabarani. Nilichukua jembe la meno nikawa nalizamisha, nalitikisa, nalichomoa, nasogea nyuma hatua moja, nalizamisha tena. Usipindue udongo. Unautoboa tu ili hewa na maji vipate mlango. Ni kazi ya kuchosha lakini haimshindi mtu, na ukishafanya upande mmoja unaanza kuipenda.

Kwenye mafiga kulikuwa na majivu na mafuta ya nyama. Majivu kidogo ni mbolea, mengi huunguza. Niliyakwangua kwa sepetu mpaka nikaona udongo mwekundu, nikajaza samadi iliyooza. Nasema iliyooza, maana samadi mbichi hupika mizizi. Na kule pembeni, ambako mahema hayakufika, niligundua nyasi hazikuwa zimekufa. Zilikuwa zimenyolewa kwa slasha, lile fyekeo la mkono, mpaka kichwani, halafu zikaachwa na jua la Kisumu. Ukiona nyasi ya kahawia usiikatie tamaa upesi. Fukua kidogo pale jani linapokutana na mzizi. Pakiwa na weupe wenye unyevu, hiyo imelala tu. Ipe maji ya kushiba alfajiri, mara chache kwa juma, wala usiinyweshe vijiko vijiko kila jioni, na uiache irefuke kufikia kidole kabla ya kuikata.

Mama aliniruhusu kutoboa, kukwangua na kujaza samadi. Alileta hata maji ya kunywa. Sikuona dalili yoyote kwamba angenizuia.

Mvua ya kwanza ilikuja alasiri moja, ikapiga mabati ya shule mpaka nikaacha kufundisha. Sikulala vizuri. Asubuhi nilikwenda kwenye kitalu kando ya barabara nikachukua magunia ya vipando, zile nyasi za majani mapana zinazotambaa na kustahimili joto la ziwa. Kipando ni kipande cha shina tu, chenye mafundo, na kila fundo linaweza kutoa mzizi. Lakini kikishang'olewa hakina subira. Kikipigwa na jua mchana mmoja kinakuwa makapi. Nilifika nyumbani nikiwa na haraka ya mtu aliyebeba barafu, nikavua shati, nikashika jembe dogo.

Mama akatoka mlangoni.

"Unafanya nini, Mwalimu?" Nyumbani wote huniita hivyo, hata yeye.

"Napanda, Mama."

"Nani amekwisha kupanda?"

"Hakuna. Ndiyo naanza."

"Basi simama."

Nilisimama, jembe hewani, na papo hapo nikaelewa. Kuna jambo Wajaluo huliita golo kodhi, yaani kutoa mbegu. Msimu ukifika, mwenye boma ndiye huweka mbegu ya kwanza ardhini. Baba akiwa ametangulia mbele ya haki, huanza mama. Kisha hupanda mtoto wa kwanza, kisha wa pili, hivyo hivyo mpaka kitinda mimba. Sisi wa kiume tuko wawili tu, kwa hiyo foleni ni fupi, lakini ni foleni. Kumruka mkubwa wako ni kutangaza mbele ya udongo kwamba hayupo.

"Mama, hizi ni nyasi," nikasema. "Hakuna anayekula nyasi."

"Ng'ombe anakula."

"Hatuna ng'ombe."

"Tulikuwa naye," akasema, akaangalia kile kiraka.

Lazima niseme kwamba mama si Mjaluo wa kuzaliwa. Aliolewa kutoka Port Victoria, kwa watu wenye lugha nyingine, na kwa miaka mingi wakwe zake walimtazama wakingoja akosee. Hakukosea. Mtu aliyejifunza mila akiwa mkubwa huzishika kama anavyoshika ngazi. Hawezi kuzifanyia mchezo kama sisi tuliozaliwa juu yake.

Nilimwita baba mdogo, ambaye boma lake linapakana na letu. Alikuja akitafuna muwa, akafurahi kukuta kesi. Alichukua kipando kimoja akakigeuzageuza kwenye mwanga.

"Mbegu ni kitu chenye kichwa," akaamua. "Mahindi yana kichwa. Mtama una kichwa. Hii yako, Mwalimu, ina mkia tu. Panda."

"Na viazi vitamu?" mama akauliza.

"Viazi vimefanya nini?"

"Viazi vitamu hupandwa mkia. Uliwahi kupanda vyako kabla marehemu hajapanda vyake?"

Baba mdogo alitema makapi ya muwa, akakuna shingo. "Shemeji, hapo umenipeleka mbali," akasema, na akarudi kwake.

Siku iliyofuata pasta alikuja kumwombea mama. Nilimweleza mbele ya chai, nikitumaini dini itanisaidia mahali kilimo kiliposhindwa. Pasta akatabasamu. "Mama, sasa hata nyasi zina mkubwa wao?"

"Pasta," mama akasema, "Jumapili, wakati wa sadaka, kapu linaanzia mstari gani?"

"Wa mbele."

"Kwa nini lisianzie wa nyuma? Mungu si yuko kote?"

Pasta alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Basi tuombe," akasema, na katika maombi yake hakugusa nyasi hata kidogo.

Magunia yalikuwa yakipata joto. Ukiingiza mkono katikati ulihisi kama umeugusa mwili wenye homa. Nikayapakia nikarudi nayo Migosi, na huko nikafanya jambo ambalo napenda kumshauri yeyote aliyekwama kama mimi. Nilichukua kila beseni na karai, na ndoo zilizopasuka, nikaweka udongo na samadi, nikalaza vipando humo, nikavifunika nusu, nikavinyunyizia maji na kuviweka kivulini kwenye varanda. Kipando hakijui kwamba kiko kwenye karai. Kikipata unyevu na giza kidogo, kitatoa mizizi na kukungoja. Na karai la Migosi si udongo wa boma la mtu, kwa hiyo hakuna aliyerukwa.

Mke wangu alirudi kazini akasimama mlangoni.

"Mwalimu, leo nitaogea wapi?"

"Kuna ndoo."

"Ndoo ina nyasi."

"Ile ya bluu?"

"Ile ya bluu ina nyasi."

Wapangaji wenzetu wa ploti waliuliza kama tumeanza kufuga sungura. Nikawaeleza vizuri, kwa mpangilio, habari za mafundo na mizizi, na wao wakaendelea kuulizia sungura.

Majuma yale sikuweza kukaa. Nilikuwa darasani nikizungumzia mmomonyoko wa udongo, huku macho yangu yako dirishani yanafuata mawingu yanayojikusanya juu ya ziwa. Kila mvua iliyonyesha ilikuwa kama imeibwa kwangu. Niliwazia ule uwanja wa Mamboleo niliouandaa kwa mikono yangu, uko wazi, matone yanaupiga na kuufunga tena, magugu yananyanyua vichwa kwenye samadi ambayo sikuyawekea yenyewe. Usiku mke wangu alinisikia nikigeuka, akasema nilale, nyasi haziendi kokote. Hilo hasa ndilo lililonikosesha usingizi. Alfajiri nilikuwa varandani nikigusa makarai kama mtu anayekagua mkate. Mizizi myeupe ilikuwa imeanza kutoka. Badala ya kunituliza, ilinizidishia. Kitu kilikuwa tayari, na mahali pake palikuwa tayari, na katikati yake amekaa mtu mmoja Nairobi ambaye hapokei simu.

Alipokea hatimaye, saa ya chakula cha mchana. Nilisikia sahani nyuma yake. Sikuwa nimezungumza naye tangu mazishi. Nikamweleza kwa haraka, mambo ya udongo, mvua, zamu, makarai, viazi vitamu vya baba mdogo.

"Panda tu," akasema. "Mimi sina shida na nyasi."

"Mama anasema mpaka wewe."

"Mwambie nimekupa zamu yangu. Mambo ya zamu yalizikwa na mzee."

Nilifurahi. Nikatoka shuleni siku hiyo moja kwa moja hadi Mamboleo, nikamkuta mama ameketi kizingitini akichambua mboga, nikampa habari kabla sijamsalimu. Mikono yake ikasimama.

"Alisema hivyo? Kwamba hana shida?"

"Ndiyo. Ameruhusu."

"Na amekupa zamu yake."

"Amenipa."

Alirudi kwenye mboga, akang'oa majani mawili matatu, akayaweka kwenye bakuli polepole. "Mwalimu, mtoto anayepigania zamu yake bado ni wa hapa. Mtu akianza kugawa zamu, hizo ni nguo za marehemu anazigawa." Kisha akasema, bila kunitazama, "Mimi sikukutuma umwombe ruhusa. Namtaka mwenyewe aje. Kama haji, acha pabaki hivyo hivyo."

Akaingia ndani na bakuli lake. Nilibaki nje, nikazunguka uwanja ule mara kadhaa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Udongo ulikuwa laini, mweusi kwa unyevu, wenye harufu inayomwita mkulima kwa jina. Upande wa ziwa mbingu ilikuwa inatanda mawingu. Ningeweza kwenda Migosi na kurudi na makarai kabla giza halijaingia. Ningeweza kumwambia kwamba mbinu ni mbinu na mila ni mila. Mvua ikaanza, matone manene yaliyoachana, nikakimbilia barazani, na kwa sababu sikuweza kusimama tu nikampigia kaka tena.

Alipokea. "Hiyo ni mvua ya nyumbani?"

"Ndiyo."

"Yale mabati bado yanapiga kelele hivyo."

"Mama hataki ruhusa yako," nikasema. "Nilikuuliza swali lisilo lake. Anakutaka uje. Na mimi nakutaka uje, achana na nyasi."

Mvua ikaongezeka.

"Nikija," akasema, "nitalala wapi?"

Hapo ndipo nilipoona kwamba jeraha la neno lile la baba mdogo lilikuwa halijapona hata ukingoni. Nikatafuta jibu, nikapata lile lililokuwa karibu. "Kwangu Migosi. Ni nyumba ya kupanga. Pale hakuna mkubwa wala mdogo, wote tunamwogopa mwenye nyumba."

Akacheka kwa pua, kidogo. "Na Baba Mdogo atakuwepo?"

"Anapakana nasi. Sitakudanganya."

"Nitaona," akasema.

Nilimpelekea mama neno hilo ndani. Kwetu, "nitaona" ni mlango uliorudishwa bila kufungwa kwa komeo. Mama alilipokea kama lilivyo. Lakini juma lililofuata nilipokwenda kung'oa magugu nilimkuta ametoa kiti nje, amekiweka kwenye udongo mtupu palipokuwa na mahema, akiangalia lango. Akina mama wa kanisa walipokuja, walimkuta hapo, wakaketi hapo hapo, wakalalamika kwamba leso zao zinachafuka. Mama akawaambia wakalalamike kwa Mwalimu.

Mvua zilianza kupungua. Zilinyesha siku moja zikaruka nyingine. Ndani ya makarai mizizi ilikuwa imejisuka mpaka ukiinua kipando kimoja, wenzake wanakuja nacho. Nilikuwa nimeanza kumwambia mke wangu kwamba labda tutapanda mvua za vuli, na nilikuwa nasema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, mpaka akaniambia niache kukunja kile kitambaa cha meza.

Jumamosi moja asubuhi simu ikalia. "Mko nyumba gani?" kaka akauliza. "Huku Migosi kila geti ni jeusi."

Alikunywa chai akiwa amesimama, akiyatazama makarai.

"Hii ndiyo imenitoa Nairobi?"

"Ndiyo hii."

"Inafanana na dhania."

"Mwambie," mke wangu akamwambia, "na umwambie pia mimi nataka ndoo zangu."

Tulipakia makarai kwenye gari lake, maji ya matope yakamwagikia viti, naye hakusema kitu. Tulipofika Mamboleo mama alikuwa kwenye kiti chake. Aliinuka taratibu. Nilidhani atalia, nikajiandaa. Alimshika kaka kiwiko, akamtazama uso kwa muda, akateremsha macho hadi viatu vyake.

"Vua hivyo. Ni vya ofisini."

Kaka akavua viatu na soksi. Miguu yake ilikuwa myeupe kwa kukosa jua.

Mama alianza. Nilimchimbia kishimo, akakataa hicho, akachimba chake kwa kidole gumba cha mguu, akaweka kipando, akakikanyaga kwa kisigino. Hicho kimoja kilitosha. Kisha akarudi nyuma, na sisi sote tukamtazama kaka. Alichuchumaa kwa shida, tai yake ingali mfukoni, akaanza upande wa lango. Alipanda vibaya. Mistari ilipinda, vipando vingine vilikaribiana kama watu kwenye foleni ya maji, vingine vikaachwa peke yao uwandani. Nafasi nzuri ni upana wa kiganja kilichofunguliwa, kwa pande zote, ili nyasi zipate pa kutambaa bila kugombana. Nililijua hilo, na ulimi ulikuwa unaniwasha, nikajiuma.

Baba mdogo akatokea kwenye ua wa miti. Alisimama upande wake, mikono nyuma, akatazama. Mama alikaza kanga kiunoni. Jembe la kaka lilikuwa likigonga vijiwe.

"Unapanda kichwa chini," baba mdogo akasema.

Kaka hakuinua uso. "Mgeni hufundishwa, Baba Mdogo."

Nilifikiri siku imeishia hapo. Mzee alitafuta uwazi kwenye ua, akapita kwa ubavu, tawi likamshika kofia, akairudisha kichwani. Akaja mpaka alipokuwa kaka, akachuchumaa huku magoti yakilia, akanyoosha mkono kuomba kipando.

"Fundo linakaa chini. Majani yaone jua," akasema, akakionyesha. "Hivi. Sasa wewe."

Kaka akapanda kimoja. Baba mdogo akakigusa, akaridhika, akaendelea kuangalia udongo. "Lile neno la chai," akasema, "lilikuwa neno la matanga."

"Nilijua."

"Ulijua na ukaenda."

"Nilijua na nikaenda."

Mzee akaitikia kwa kichwa mara kadhaa, kana kwamba amepewa hesabu iliyo sawa. Akabaki pale pale amechuchumaa, akimpa kaka kipando kimoja kimoja, mpaka karai la kwanza likaisha. Hapo ndipo mama alipogeuka kwangu akasema, "Haya, Mwalimu," nikaingia kwenye udongo ule kama mtu aliyefunguliwa kamba. Nilipanda kwa kasi ya aibu. Walinicheka wote watatu, na baba mdogo akauliza kama kuna anayenifukuza.

Tulimwagilia kwa mkebe wenye matundu, maji mengi na ya upole, kisha tukapita juu kwa miguu mitupu tukishindilia, kwa sababu kipando kinachoning'inia hewani hakishiki. Jioni ilikuwa kavu. Wingu lilikuja mpaka juu ya ziwa likabadili nia. Kaka alikuwa akiosha miguu bombani, akauliza bila kunitazama, "Nitajuaje kama zimeshika?"

Swali la namna hiyo ndilo ninalolingoja maishani. Nikamweleza kwamba majuma ya kwanza zitanyong'onyea, na majani mengine yatageuka kahawia, na hapo wengi hukata tamaa na kung'oa. Asiogope. Zinaacha majani ya zamani ili zipate nguvu ya kutia mizizi. "Ikifika wakati," nikasema, "shika jani moja, vuta taratibu. Likikufuata, bado. Likikukatalia, limeshika."

Kaka alifunga bomba. Alitazama ile mistari yake iliyopinda, akatazama ule upande wa lango, ambao hakuna aliyeutaja siku nzima. "Basi usiniambie kwa simu," akasema. "Nitakuja kuvuta mwenyewe."

Mama alikuwa akikusanya makarai. Hakusimama, hakumgeukia yeye. Alinigeukia mimi.

"Umesikia, Mwalimu. Usivute kabla yake."

Kaka alirudi Nairobi, na bado hajaja. Kila alfajiri ninapoweza napita Mamboleo kabla ya shule, nikamwagilia. Majani yalikauka kama nilivyosema, na sasa kuna machipukizi madogo yenye ncha kali, mengine yameshaanza kunyoosha mkono kuelekea kiraka cha jirani. Nadhani zimeshika. Nina karibu hakika. Ni jambo la kujua kwa vidole viwili tu, na wala nyasi haitaumia. Jana nilichuchumaa kwenye mstari uliopinda kuliko yote, nikanyoosha mkono, na kule kizingitini mama akakohoa. Nikainuka, nikaendelea kumwagilia.